Kijiko Ndani ya Kikombe

Mtaani kwetu hapa mjini Leer hakuna siri, kuna mapazia tu. Jumapili ile, saa tisa kasoro dakika tano, Falk alipoegesha gari mbele ya nyumba ya mama, niliona pazia la Tomma, jirani yetu, likisogea upana wa kidole. Nikajua kabla hatujafika kikombe cha pili nusu ya mtaa itakuwa inajua rangi ya soksi zake.

Simlaumu Tomma. Mimi mwenyewe nina saluni, naishi kwa habari za watu. Miaka kumi na tisa wanawake wa mji huu wameniachia vichwa vyao pamoja na vilivyomo. Najua nani kamnunia nani, najua arusi ipi itavunjika kabla hata bibi arusi hajajua. Lakini habari yangu mimi niliikalia miezi kumi na minne kama kuku anayeatamia: kwamba nampenda Falk, mtu wa Saksonia, kwamba kazi yake ni kuchora ile michezo ya kutafuta vitu vilivyofichwa, na kwamba Alhamisi anahamia Malmö, huko Uswidi, kwa sababu ofisi yao ya Bremen inafungwa, na anataka niende naye.

Hilo la mwisho ndilo nililotakiwa kumwambia mama siku hiyo. Nilishaahidi. Falk alishanitafutia hata saluni huko, ya mama mmoja anayetafuta mwenzake.

"Nipe masharti," Falk akaniambia pale getini, huku akijifuta viganja kwenye suruali.

"Usikoroge chai."

"Sikorogi."

"Sukari inakaa chini, krimu inaelea juu, unakunywa hivyohivyo. Kwanza laini, katikati chungu, mwisho tamu."

"Kama mama yako."

"Falk."

"Natania, Theda. Na kijiko ni cha nini kama hakikorogi?"

"Kijiko kinalala kwenye kisahani. Ukikitia ndani ya kikombe maana yake umetosheka, usimiminiwe tena. Usithubutu kukitia kabla ya kikombe cha tatu. Utakuwa umeitukana nyumba."

Kicheko kikamfutika usoni kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu. Ningelijua hilo mwaka juzi."

Sikumwelewa, na mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Mama yangu, Okka, ana miaka sabini na sita. Ni mjane wa mlinda milango ya mfereji, na mpaka leo husimama mlangoni kana kwamba lazima meli ipige honi kwanza ndipo aipishe. Alivaa blauzi ya bluu. Alimnyooshea Falk mkono, akamtazama juu ya kichwa, kule kwenye utosi na kupita, kama vile nyuma yake amesimama mchumba mwingine aliye bora zaidi.

"Moin," akasema, ile salamu ya kwetu ya saa zote.

"Moin, mama."

"Viatu vyako vipya. Vinalia."

Nikaona haya mpaka masikioni. Mtu amesafiri saa nzima na nusu kuja kukuona, hata usoni humtazami? Lakini Falk ni mtu wa subira. Kazi yake yote ni subira. Siku nilipomjua alisimama mbele ya dirisha la saluni yangu dakika arobaini, anapiga picha vitana vyangu, mabrashi, paka wa kauri na ile mashine ya kukaushia nywele ya enzi za bibi. Nikatoka nikamwambia hapa anayepiga picha hulipa kwa kunyolewa. Akaingia, akakaa, na nilipomvika kitambaa shingoni macho yetu yakakutana kwenye kioo. Nikamkata nywele vibaya kuliko nilivyowahi kumkata mtu. Wiki iliyofuata akarudi nimrekebishe. Na iliyofuata.

Tukakaa. Vikombe vyembamba vya waridi jekundu, vya arusi ya mama. Akatia donge la sukari katika kila kikombe, akamimina. Chai ya moto ilipoligusa donge likalia, tii, tii, kama barafu inayopasuka, na mama akainamisha sikio kwenye kikombe, ametulia, kama fundi saa. Watu wa kwetu wanaupenda mlio huo. Sikuona ajabu.

"Theda anasema wewe mchoraji," mama akaanza. "Unachora nini? Huku kila mchoraji huchora ng'ombe na mawingu."

Falk akanitazama. Nami nikatazama biskuti.

"Nachora michezo, mama. Ile ya kutafuta vitu kwenye picha."

Mama akaweka birika chini polepole. Niwaeleze jambo hili vizuri: mama yangu na michezo hiyo ni kama watu wengine na kanisa. Tangu nilipompa tableti siku yake ya kuzaliwa, hajakosa siku. Ameshatafuta funguo katika makasri, miwani katika maktaba, popo katika makanisa. Tomma humwita mkaguzi wa forodha.

"Kumbe ni nyie," mama akasema.

"Ni sisi."

"Basi nikuulize, maana kwa miaka nimekuwa nikiongea na kioo. Kwa nini mnanipa orodha imeandikwa neno ambalo kwetu ni jogoo na ni bomba la maji pia? Nikamgusa jogoo, mchezo ukanifokea. Jogoo yuko pale, ana hata upanga wake kichwani."

"Aliyeandika alitaka bomba."

"Sasa angesema."

"Hilo ni kosa, mama. Hilo ni uvivu wa mtu wa orodha."

"Na kile kisu mlichokififisha mpaka kikawa kama moshi? Na nyundo ndogo kuliko sisimizi? Huko siyo kuficha. Kuficha ni kuweka kitu mahali pake, na rangi yake, na ukubwa wake, halafu mtu apite mbele yake mara tatu." Mama alikuwa amesogea mbele kabisa kwenye kiti. "Jicho likikaa juu yake kinajitokeza chenyewe, na mtu anacheka peke yake jikoni. Ndiyo raha yake. Siyo kushinda. Ni ule muda kidogo ambapo hakikuwepo, sasa kipo."

Falk akamgeukia kabisa. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na mbili," akasema, "sijasikia mtu akiisema hivyo. Sisi tunasema, kitu kikifichwa vizuri mchezaji anajicheka, kikifichwa vibaya anamchukia aliyekificha."

"Mmesema kweli. Mimi kuna mmoja namchukia."

"Na kitufe cha msaada unakitumia?"

"Mwanangu," mama akamwambia, "kitufe cha msaada ni kwa watu wasio na muda. Mimi nina muda."

Alimwita mwanangu. Miezi kumi na minne nimelala nikiwaza namna ya kuwaleta watu hawa wawili meza moja, na kumbe jogoo na bomba la maji ndivyo vingefanya kazi hiyo. Falk akanigusa mguu chini ya meza. Nikajiambia: kikombe cha pili kikimiminwa, nasema. Nasema Malmö, nasema Alhamisi, nasema nitakuja kila mwezi.

"Huyo unayemchukia ni nani?" Falk akauliza.

"Aliyechora Nyumba ya Nahodha."

Mguu wa Falk ukaondoka kwenye wangu.

"Nimekwama humo tangu Pasaka," mama akaendelea. "Chumba cha chai. Vitu kumi na viwili, nimepata kumi na kimoja, kimebaki kijiko. Kijiko tu. Nimetafuta kwenye visahani, kwenye droo, kwenye mfuko wa aproni, mahali vijiko vinapoishi. Nikimpata mtu yule nitamkalisha hapohapo ulipokaa, nimnyime chai."

"Basi usinimiminie tena, mama."

Kisha mama akacheka. Wallahi sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu baba alipokuwa hai, kicheko cha kifuani, mpaka akaishika meza. "Theda, umeniletea mwizi mwenyewe nyumbani."

"Hata mimi sikujua, mama." Na kweli sikujua. Falk hunionyesha anachochora, si majina ambayo michezo huuzwa nayo.

"Kwanza naomba radhi," Falk akasema. "Leo pale getini ndipo nimejua kijiko hicho nilikiweka vibaya. Nilikitia ndani ya kikombe, na kikombe kimejaa chai. Sikujua kwenu maana yake nini."

"Ndani ya kikombe kilichojaa?" Mama akatikisa kichwa. "Sasa nani angetazama humo? Hakuna mtu wa kwetu angechora hivyo. Ni sawa na kumchora mgeni amevaa koti analala. Lete tableti, Theda. Nimalize mambo yangu na mtu huyu."

Nikaleta. Falk akahamia kiti cha pembeni yake, wakainama pamoja, kichwa chenye mvi na kichwa nilichokinyoa mimi kwa mkono wangu, na niliwatazama nikasema moyoni, picha hii niwekeeni.

"Haya," mama akasema. "Kikombe kipi?"

"Kile kikubwa, mama. Katikati ya meza."

Mama akanyanyua kidevu kidogo. Akapeleka kidole kushoto, akakirudisha. Akapeleka chini.

"Katikati," Falk akarudia, taratibu.

"Nimesikia katikati. Hapo katikati hapana kitu, bwana. Mmeweka ukungu. Michezo yenu ya siku hizi yote mnaweka ukungu katikati, mnadhani ni ufundi." Akagusa kioo mara tatu, pembeni ya kikombe, juu yake, pembeni tena. "Unaona? Inakataa."

Niliinuka nikaja nyuma yao. Picha ilikuwa safi. Meza nyeupe, kikombe cha waridi katikati yake kama jua, na kijiko cha fedha kimesimama ndani, kirefu kama kidole changu.

Falk hakuwa anatazama picha. Alikuwa anautazama uso wa mama, jinsi kidevu kilivyonyanyuka na macho yalivyoenda juu ya kioo, kule kwenye utosi na kupita.

"Ni kweli," akasema mwishoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikificha vibaya, mama. Kosa langu."

Akashika kidole cha mama kwa upole, akakisogeza, mchezo ukapiga kengele yake ya ushindi. Mama akasema, "Aa." Lakini hakucheka. Baadaye ndipo nilijua hakucheka kwa sababu hakukiona.

Nikasema naenda kuchemsha maji. Falk akasema ananisaidia. Tukasimama ukumbini, kati ya makoti na mwavuli wa baba, na birika jikoni likaanza kunung'unika.

"Haoni tangu lini?" akaninong'oneza.

"Mama anaona. Amekusema viatu."

"Amevisikia viatu. Theda, kijiko kile tuliwajaribia watu ishirini. Wote walikiona kabla ya sekunde tano. Niliona haya, nilitaka kukiondoa kwa sababu ni rahisi mno. Vile kumi na kimoja alivyovipata, vyote viko pembeni. Vyote. Anaona kingo, katikati hana."

Nilitaka kumbishia. Yaliyokuja ni mengine. Gazeti aliloacha kulinunua, akisema siku hizi halina habari. Matangazo ya vifo aliyonitaka nimsomee, eti sauti yangu nzuri. Alama ya pasi ya moto kwenye kifundo cha mkono, akisema ni mikono ya uzee. Sikio juu ya kikombe. Kila Jumamosi namchana mama yangu nywele, namshika kichwa kwa mikono yangu miwili, nampa kioo, naye anasema, umependeza mkono wako, mwanangu, bila kukiangalia. Orodha yote nilikuwa nayo, na kila kitu kilikuwa mahali pake, na rangi yake, na ukubwa wake.

"Kuna madaktari," Falk akasema. "Wengine husaidiwa, wengine hapana. Lakini ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Asiachwe peke yake."

"Najua."

"Niwaambie kazini kwamba siendi?"

"Usipokwenda utafanya nini? Umeomba kazi Hamburg, Berlin, Hannover. Wamekujibu nini?"

Sote wawili tulikuwa tunayajua majibu yao.

"Basi mwambie mama yako wewe," akasema. "Mwambie leo, kama tulivyopanga. Pengine atasema nenda."

"Nimwambie lipi, Falk? Kwamba mimi naondoka, au kwamba yeye haoni?"

Alinishika uso. Mikono yake ilinukia biskuti. Tukatazamana kwa karibu, ule ukaribu ambao mtu anakuwa jicho moja, na sikuona kwake jambo lolote nililoweza kumlaumu. Ingekuwa heri angekuwa mbaya. Mtu mbaya unamfungulia mlango, unampa koti lake. Huyu nilitaka kumfungia humo ukumbini kati ya makoti, na sikuwa na ufunguo, na hata ningekuwa nao nisingefunga.

"Sema neno moja," akasema. "Lolote."

Birika likapiga mluzi.

Tuliporudi mama alikuwa ameketi wima, tableti imezimwa, imefunikwa kitambaa cha sahani.

"Mmechelewa," akasema. "Tomma ataandika kitabu."

Kikombe cha pili tulikinywa tukizungumzia mvua. Mama akamuuliza Falk kama wazazi wake wako hai, naye akajibu mama tu, yuko Chemnitz, anaishi na dada yake. "Vizuri," mama akasema. "Mzee asikae na ukuta." Nikameza chai ya moto ikaniunguza hadi kifuani. Sikujua kama anajua habari ya Malmö. Mpaka leo sijui. Cha tatu kikamiminwa. Falk akakinywa polepole, bila kukoroga, laini, chungu, tamu, kama mtu aliyezaliwa mtaani kwetu. Alipofika kwenye sukari akakichukua kijiko chake kutoka kwenye kisahani.

Nilimtazama. Naye akanitazama, kijiko mkononi, juu ya kikombe. Getini nilimfundisha mwenyewe, kwa midomo yangu, namna ya kusema imetosha. Nikatingisha kichwa kidogo, hapana, na wakati huohuo nilijua sina kingine cha kumpa badala ya hiyo hapana.

Akakitia ndani, taratibu, bila mlio.

Mama akanyanyua birika, akaupeleka mdomo wa birika kwenye kikombe cha Falk. Ukagonga chuma. Ting.

Akatulia hivyo, birika hewani.

"Kumbe umeshatia kijiko."

"Ndiyo, mama. Nimetosheka. Asante sana."

"Vitatu," mama akasema. "Umefundishwa vizuri." Akageuza uso upande wangu, akatazama juu ya kichwa changu. "Na wewe, Theda? Chako kiko wapi?"

Nilikuwa nimekishika. Sikuweza kukitia, sikuweza kukilaza.

"Kwenye kisahani, mama," nikasema.

"Basi nikuongeze."

Akakipapasa kikombe changu kwa kidole kimoja, akapata ukingo, akamimina. Sukari yangu ilikuwa imekwisha zamani, na sikukumbuka kutia donge jingine. Mama akainamisha sikio, akangojea ule mlio. Haukuja. Akaendelea kumimina, akisikiliza. Chai ikapanda kwenye waridi la ndani, ikafika ukingoni, ikashuka kwenye kisahani bila sauti, ikajaza kisahani, ikaingia kwenye kitambaa cheupe, ikasambaa mpaka kwenye kidole changu ikakiunguza, na sikukitoa. Falk alikuwa amenyanyua mkono nusu. Hakuushusha, hakuusogeza. Kusema inatosha kungekuwa kusema yote: kwamba haoni, na kwamba kuna wa kuondoka.

Tone la kwanza likadondoka kwenye mbao za sakafu. Likafuata la pili.

Mama akaacha kumimina. Aliweka birika chini, juu ya sahani yake, bila kupapasa, akaikunja mikono mapajani.

"Mngeniambia," akasema. "Mngeniambia tu."